Moyo wa Kazi, Saa za Nyumbani na Tarakilishi: Mfano wa Mwalimu Nchini Kenya

Uhusiano wa mfanyakazi na kazi yake ni suala ambalo limewashughulisha wataalamu wa usimamizi na wa saikolojia kwa miongo mingi. Wapo wanaoliangalia kwa jicho la mwajiri, wakauliza ni kitu gani kitakachomfanya mtumishi atoe zaidi ya kile anacholipwa. Wapo pia wanaoliangalia kwa jicho la mfanyakazi mwenyewe, wakauliza ni kitu gani kinachomwezesha mtu kuifanya kazi moja kwa miaka thelathini bila ya kuichukia. Makala haya yanaegemea upande wa pili. Yanachunguza mambo mawili ambayo aghalabu hutajwa kila moja peke yake: mizani baina ya kazi na maisha ya nyumbani, na utayari wa mfanyakazi kuipokea teknolojia mpya. Hoja inayotetewa ni kwamba mambo haya hayatenganiki. Utayari wa kiteknolojia hukuza moyo wa kazi pale tu ambapo chombo kinampunguzia mfanyakazi saa za kazi. Pale kinapomwongezea saa hizo, utayari wenyewe hugeuka kuwa mlango ambao kazi huupitia kuingia nyumbani.

Mfano unaotumika ni wa mwalimu wa shule ya umma nchini Kenya. Wengi wa wanaosoma Kiswahili katika vyuo vikuu vya nchi hii, hususan wale wa shahada ya ualimu, wanaelekea huko huko, na ni heri wakajua mapema wanachokiendea. Aidha, kazi ya ualimu haijapata kuwa na mpaka ulio wazi. Kengele ya jioni ikishalia, karani hufunga droo akaenda zake. Mwalimu hubeba madaftari.

Tatizo la istilahi

Kabla ya kuendelea, sharti suala la istilahi litatuliwe, maana dhana zenyewe zimetoka kwingine na hazijapata makao katika Kiswahili. Ile hali ya mfanyakazi kuizamia kazi yake kwa nguvu na akili hutafsiriwa na wengine kuwa 'ushiriki'. Neno hili ni jepesi mno. Mtu anaweza kushiriki mkutano huku anasinzia. 'Uwajibikaji', ambalo limeenea katika hotuba za viongozi, lina harufu ya hesabu na mahakama: anayewajibika ni yule anayeweza kuulizwa. 'Kujitolea' limekwisha kuchukuliwa na kazi isiyo na malipo, na 'kujitoa' lina hatari yake, kwani timu iliyojitoa katika mashindano ni ile iliyoondoka. Hata hivyo, lugha ya kila siku haikosi neno. Mwalimu akisifiwa na wazazi husemwa kwamba anafundisha kwa moyo. Akichoka na kukata tamaa, husemwa kwamba amevunjika moyo. Kwa hiyo makala haya yanatumia 'moyo wa kazi', neno ambalo wenye lugha wanalo tayari.

Ama 'mizani ya kazi na maisha', tafsiri hii ya neno kwa neno inababaisha. Katika Kiswahili, kazi na maisha si sahani mbili zinazokabiliana. Kijana anayeondoka kijijini kwenda mjini kuajiriwa husema anakwenda kutafuta maisha. Kwake yeye kazi ndiyo njia ya maisha, na pengine ndiyo maisha yenyewe. Kinachogongana na kazi ni nyumba, kwa maana pana ya neno hilo: watoto, wazazi waliozeeka, wagonjwa, shamba, ibada, arusi na matanga ya jamaa, na usingizi. Anayedai mizani, basi, anaomba tu kwamba asilazimike kuiibia nyumba ili ailipe kazi.

Moyo wa kazi hutoka wapi?

Mtaalamu ambaye utafiti wake ulilifungua suala hili ni William Kahn. Katika makala yake ya mwaka 1990 aliwachunguza wafanyakazi wa kambi moja ya vijana na wa kampuni moja ya wasanifu majengo, akataka kujua ni wakati gani mtu huitia nafsi yake kazini na ni wakati gani huiondoa akabaki kiwiliwili. Aligundua masharti matatu. La kwanza ni maana: mtu aone kwamba anachokifanya kina thamani. La pili ni usalama: aweze kusema na kutenda bila ya kuhofia kudhalilishwa. La tatu, ambalo ndilo linalohusu makala haya zaidi, ni kuwa na akiba. Mfanyakazi hana budi kuwa na nguvu ya mwili, ya akili na ya hisia iliyobaki, asije kazini akiwa amekwisha kumalizwa na mambo mengine. Kahn aliyataja maisha ya nje ya kazi kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kuipunguza akiba hiyo.

Baadaye, mwaka 2002, Wilmar Schaufeli na wenzake waliufafanua moyo wa kazi kwa vipengele vitatu: nguvu, kujitoa na kuzama. Vipengele hivyo vimetumiwa kupimia wafanyakazi katika nchi nyingi. Hapa inatosha kusisitiza jambo moja tu, kwamba kuhudhuria si moyo wa kazi. Tafiti za Benki ya Dunia kuhusu huduma za elimu nchini Kenya, zilizotolewa mwaka 2013, zilionyesha kuwa walimu wengi waliokosekana darasani walikuwa wamo shuleni. Mwili ulikuwa umefika. Darasa halina mtu.

Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell (1985) nao walieleza jinsi kazi na familia zinavyogombana. Upo ugomvi wa muda, ambapo saa moja haiwezi kutumika mara mbili. Upo ugomvi wa mkazo, ambapo uchovu wa upande mmoja unabebwa hadi upande wa pili. Na upo ugomvi wa mienendo, ambapo tabia inayofaa mahali pamoja haifai pengine. Ugomvi huu wa tatu hauzungumziwi sana, lakini watoto wa walimu wanaujua vyema: mzazi anaingia mlangoni na sauti ile ile ya kuwanyamazisha wanafunzi hamsini.

Utayari wa kiteknolojia

Mintarafu ya teknolojia, A. Parasuraman alichapisha mwaka 2000 kipimo cha utayari ambacho kimekuwa rejeleo la wengi, na ambacho yeye na Charles Colby walikifupisha mwaka 2015. Kipimo hicho kina pande mbili. Upande wa kuvuta una matumaini, yaani imani kwamba teknolojia humwongezea mtu uwezo na uhuru, na ubunifu, yaani ile hamu ya kuwa miongoni mwa wa kwanza kukijaribu kitu. Upande wa kurudisha nyuma una tabu, yaani hisia ya kuzidiwa na chombo, na wasiwasi, yaani kutokiamini. Jambo la maana ni kwamba pande hizi hukaa pamoja katika mtu mmoja. Mwalimu anaweza kuipenda simu yake na kuihofia tovuti ya mwajiri wake asubuhi ile ile.

Ni rahisi kuuchukulia utayari kana kwamba ni sifa ya kuzaliwa, au ya umri: vijana wako tayari, wazee hawako tayari. Historia ya karibuni ya Kenya inaikanusha dhana hiyo. Huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwezi wa Machi 2007, haikusubiri watu wapelekwe semina. Ajuza ambaye hajawahi kugusa tarakilishi alijifunza kupokea pesa, kuificha namba yake ya siri na kumsomea wakala ujumbe. Sababu ziko wazi. Huduma ilimwondolea safari ya mjini na nauli yake. Hatua zake zilikuwa chache. Na orodha yake ilipatikana kwa Kiswahili. Fred Davis alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1989 kwamba watu hukipokea chombo kwa kutegemea wanavyouona manufaa yake na wepesi wake. M-Pesa ilikuwa na yote mawili.

Mwalimu mwenyewe ni shahidi. Zamani, mwisho wa mwezi ulikuwa na siku ambayo shule za mashambani zilibaki na walimu wachache kwa sababu wengine walikuwa kwenye foleni ya benki mjini. Huduma za benki kwa njia ya simu zilipoenea, haja ya safari hiyo ilipungua. Hapo teknolojia ilirudisha siku nzima: nusu yake darasani, nusu yake nyumbani. Hakuna mwalimu aliyelalamika kwamba hakuandaliwa.

Tovuti ya mwajiri

Hali ilikuwa tofauti teknolojia ilipokuja kwa njia ya agizo. Mwaka 2016 Tume ya Kuwaajiri Walimu ilianza kuutekeleza kote nchini mfumo wa kutathmini utendakazi wa mwalimu, unaojulikana kwa ufupisho wake TPAD. Mwaka 2017 ukaja mfumo wa NEMIS wa kuwasajili wanafunzi. Mtaala wa umilisi ulipoanza katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019, ulifuatwa na tathmini za shuleni ambazo alama zake hupakiwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Kila mmoja wa mifumo hii una sababu yake, na mgala muue na haki yake mpe: nchi ambayo walimu wake wako shuleni lakini hawako darasani ina haki ya kutaka kujua wanafanya nini. Chama cha Kitaifa cha Walimu (KNUT) kiliipinga TPAD waziwazi, na katika malalamiko yake kulikuwemo kwamba mfumo huo unamtoa mwalimu kwenye ufundishaji na kumpeleka kwenye ujazaji wa fomu.

Je, ugomvi huo ulikuwa wa watu wasio tayari kwa teknolojia? Ndivyo ulivyotafsiriwa na wengi, na dawa iliyopendekezwa ikawa mafunzo. Lakini mfuate mwalimu mmoja wa Kiswahili wa sekondari katika muhula wake, na jibu linaanza kuonekana vingine.

Hesabu ya insha inatosha kuwa kielelezo. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ni ya insha, na ina alama 40. Mwanafunzi hajifunzi kuandika insha bila ya kuandika, na hanufaiki kwa kuandika bila ya kusahihishiwa. Tuseme mwalimu ana madarasa matatu ya wanafunzi 50 kila moja, idadi ambayo si ya kustaajabisha tangu elimu ya msingi ya bure ianze mwaka 2003, wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na hasa tangu sera ya kuwapitisha wanafunzi wote hadi sekondari ishike nguvu mwaka 2018. Akitoa insha moja, ana karatasi 150. Akiitumia kila moja dakika sita, ambazo ni chache kwa mtu anayesoma kwa makini na kuandika maoni pambizoni, anahitaji dakika 900, yaani saa 15. Hata akipata vipindi viwili vya wazi vya dakika 40 kila siku kwa siku tano, na asiitwe na mtu wala kumbadilia mwenzake aliyeugua, atakuwa amepata saa 6 na dakika 40. Saa 8 na dakika 20 zilizobaki hazimo katika ratiba ya shule. Ni za nyumbani.

Hapo hajaandika maazimio ya kazi, hajatayarisha andalio la somo, wala hajafungua tovuti yoyote.

Sasa ongeza tovuti. Mwisho wa muhula, maelfu ya walimu wanatakiwa kuingia katika mfumo mmoja kabla ya tarehe moja. Mfumo unalemewa. Mwalimu mwerevu, mwenye kipakatalishi chake na kifurushi chake cha intaneti alichokilipia mwenyewe, anagundua kwamba saa tisa za usiku mtandao una nafasi, naye anaamka saa tisa. Mwalimu asiye na ujuzi huo anamwachia kijana wa saiba nenosiri lake na shilingi kadhaa, kisha analala. Kwa kipimo cha utayari, wa kwanza anamshinda wa pili kwa kila hali: ana matumaini, ana ubunifu, hana tabu wala wasiwasi. Lakini asubuhi ni nani kati yao aliye na akiba ile aliyoitaja Kahn? Utayari wake umemgharimu usingizi, na mwenzake ambaye hakuwa tayari amekwepa gharama hiyo kwa ujinga wake.

Fauka ya hayo, aliye tayari huongezewa. Katika kila chumba cha walimu yuko mmoja anayejua tarakilishi, na huyo ndiye anayepakia alama za idara nzima, anayetengeneza ratiba, anayeitwa jioni kufufua printa iliyokwama. Hakuna anayempunguzia vipindi kwa sababu hiyo. Miaka miwili mitatu ikipita, wenzake huanza kujifunza kutokana naye funzo ambalo hakuna semina inayolifundisha: kwamba ni busara kutojua.

Nadharia ya Evangelia Demerouti na wenzake (2001) inalieleza jambo hili vizuri. Kazi yoyote ina madai yanayomla mtu na ina nyenzo zinazomlisha. Madai yakizidi nyenzo, mtu huchakaa. Nyenzo zikitosha, moyo hukua. Kosa la mijadala mingi ni kuihesabu teknolojia moja kwa moja katika safu ya nyenzo. Chombo kile kile kinaweza kuwa nyenzo asubuhi na dai jioni. Programu ya kujumlisha alama na kupanga nafasi za wanafunzi, kazi ambayo zamani ilifanywa kwa kikokotoo na karatasi ndefu hadi macho yakauma, ni nyenzo isiyo na ubishi. Kundi la WhatsApp la walimu wa shule, ambamo ujumbe wa naibu wa mwalimu mkuu huingia saa nne za usiku ukitaka jibu kabla ya gwaride la asubuhi, ni dai, hata kama limo ndani ya simu ambayo mwalimu aliinunua kwa furaha. Monideepa Tarafdar na wenzake (2007) wameorodhesha namna ambavyo teknolojia humchosha mfanyakazi, na kati yake wametaja uvamizi: kazi kumfuata mtu mahali ambapo zamani haikuweza kufika.

Zamu ya pili

Uvamizi huu haumkuti kila mtu akiwa na nyumba sawa. Arlie Hochschild, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu familia za Marekani, aliziita kazi za nyumbani zinazomsubiri mwanamke aliyetoka kazini zamu ya pili. Nchini Kenya, utafiti wa Shirika la Taifa la Takwimu kuhusu matumizi ya wakati, uliofanywa mwaka 2021, ulionyesha kwamba wanawake hutumia takriban mara tano ya wakati unaotumiwa na wanaume katika kazi za nyumbani na za ulezi zisizo na malipo. Kwa hiyo, agizo la kwamba alama zipakiwe kufikia kesho asubuhi linaonekana kuwa sawa kwa wote katika ubao wa matangazo, lakini si sawa. Mwalimu wa kiume ana jioni. Mwalimu wa kike ana kilichobaki baada ya chajio, baada ya kumsimamia mtoto katika kazi zake za shule, ambazo tangu mtaala mpya uje huhitaji nazo picha zichapishwe na video zitumwe. Akichelewa kupakia, anaandikwa kuwa mzito wa teknolojia. Pengine teknolojia anaijua kuliko mwenye kumwandika.

Janga la UVIKO-19 liliondoa hata ule ukuta uliobaki. Shule na vyuo vilipofungwa mwezi wa Machi 2020, wahadhiri na walimu wengi walifundisha kutoka jikoni na vyumbani, mtoto akilia upande huu na mwanafunzi akiuliza swali upande ule. Ilikuwa hali ya dharura, na watu walijikaza. Ila mazoea mengine ya dharura hiyo hayakuondoka shule zilipofunguliwa kikamilifu mwezi wa Januari 2021. Mkutano unaoweza kufanyika kwa njia ya video unaweza pia kuitishwa jioni ya Jumapili, na huitishwa.

Wasiwasi wenye historia

Kuhusu wasiwasi, inafaa ikumbukwe kwamba hautokani na ujinga kila mara. Neno 'kibarua' lenyewe ni barua ndogo. Lilitokana na kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, kisha likahamia kwa mtu na kwa kazi yake. Katika Kenya ya kikoloni, kipande kilichoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kiliandikwa mahali mwanamume Mwafrika alipofanya kazi na mshahara wake, naye alikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Chombo cha kurekodi kazi, basi, kilimfikia mfanyakazi wa nchi hii kwanza kama chombo cha kumfungia. Si kwamba tathmini ya mtandaoni ni kipande. Kuilinganisha hivyo kungekuwa kuwakosea waliovaa kipande. Lakini mtu anapokiona chombo kipya na kuuliza kwanza kitatumiwaje dhidi yake, swali lake lina ukoo mrefu.

Upo pia wasiwasi wa kupoteza riziki. Mwezi wa Mei 2023, mashine za kuchumia majani chai zilichomwa moto huko Kericho na waandamanaji waliolalamika kwamba zimewanyang'anya wachumaji kazi. Huwezi kumwambia mchumaji huyo kwamba hana utayari wa kiteknolojia. Ameielewa mashine kikamilifu. Mwalimu wa Kiswahili anayeziona leo programu za akili bandia zikiandika insha kwa sekunde chache bado hajafika alipofika mchumaji, ingawa ameanza kujiuliza insha anayoisahihisha saa nne za usiku iliandikwa na nani. Swali hili linaugusa moyo wa kazi katika sharti lake la kwanza, la maana. Kupoteza usingizi kwa ajili ya kijana anayejifunza ni jambo moja. Kuupoteza kwa ajili ya mashine ni jambo jingine kabisa.

Sheria na ofisi ya idara

Sheria za Kenya zimeshughulikia kupumzika kwa lugha ya siku. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka, miezi mitatu ya uzazi kwa mama na majuma mawili kwa baba. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 kinatambua haki ya mazingira yafaayo ya kazi. Lakini sheria inayohesabu siku haina la kusema kuhusu dakika ishirini za saa nne usiku. Ufaransa, kuanzia Januari 2017, ilizitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kukata mawasiliano baada ya saa za kazi. Mwaka 2022, mswada wenye lengo kama hilo uliwasilishwa katika Seneti ya Kenya.

Hata hivyo, mengi hayahitaji Bunge. Idara ya Kiswahili katika shule inaweza kukubaliana kwamba alama zitapakiwa katika maabara ya tarakilishi, mchana, siku ya mwisho wa mitihani, madarasa yakiwa chini ya usimamizi wa wenzao. Mwalimu anayeijua tarakilishi anaweza kupunguziwa vipindi viwili, na kazi yake ya ziada ikatajwa kwa jina katika ratiba badala ya kuitwa msaada. Insha moja kati ya tatu inaweza kusahihishwa na wanafunzi wenyewe wawili wawili kwa mwongozo wa alama, zoezi ambalo linawafundisha pia. Haya ni mambo ya mezani tu, ila mara nyingi meza yenyewe haijaitishwa.

Lipo na jambo moja ambalo liko mikononi mwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Ile tabu aliyoitaja Parasuraman, ya kuhisi kwamba chombo kimemzidi mtu, ina sehemu yake ya lugha. Mwalimu anayefundisha Kiswahili kutwa nzima hutathminiwa kwa Kiingereza, katika fomu zilizojaa misamiati ya usimamizi ambayo hata Mwingereza wa kawaida angeikunia kichwa. Anapoandika maazimio yake ya kazi, programu humpigia mistari myekundu chini ya karibu kila neno, kana kwamba ukurasa mzima ni kosa. Kazi ya kuliondoa hili haianzi leo. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya uandishi kwa Kiswahili, kwa juhudi zilizowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katikati ya mwongo ule Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Istilahi zilizoundwa wakati huo, nyingine zikashika na nyingine zikaanguka, zipo tayari kutumika. Kinachosubiriwa ni fomu yenyewe ya tathmini kwa Kiswahili ambacho mwalimu wa Kwale na wa Kakamega wangekisoma mara moja tu wakaelewa, wakaijaza kabla ya kengele ya jioni. Kazi ya kuitafsiri ingelingana vyema na mradi wa mwaka wa nne wa mwanafunzi mmoja mwenye bidii, na mwalimu mmoja aliyechoka wa kumwonyesha ni wapi fomu inamsumbua.